Gunia la Lumbesa: Majibu kwa Wanaosema Programu Ni Kazi ya Bei Rahisi

Kisarawe nilikokulia, upande wa Maneromango, mnunuzi wa mihogo alikuwa akifika shambani na magunia yake mwenyewe. Gunia likijaa hadi mdomoni, hakulifunga. Alishonea juu yake kipande kingine cha gunia, akalijaza tena mpaka likavimba kama mtu aliyejifunga kilemba, kisha akalikaza kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima alitoa gunia moja na nusu, akalipwa gunia moja. Baba alijua kwamba anapunjwa, lakini hakuwa na mizani, na mnunuzi alikuwa na jibu moja miaka yote: "Mzee, kote wanauza hivi."

Leo naishi Kibaha, mitaa ya Picha ya Ndege, na riziki yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Sijaajiriwa na mtu. Wateja wangu ni maduka, shule, zahanati na vikundi vya kuweka na kukopa, mara mojamoja kampuni ya Dar es Salaam. Kila ninapotaja bei, nasikia sauti ya yule mnunuzi wa mihogo. Tofauti ni kwamba lumbesa ya mazao imekatazwa na Sheria ya Vipimo: gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kumkamata anayezidisha. Kazi yetu haina wakala wa namna hiyo. Ndiyo maana hoja za kushusha malipo yetu hupita kutoka mdomo hadi mdomo bila mtu kuziweka kwenye mizani. Leo naziweka, moja baada ya nyingine. Palipo na ukweli nitaukubali.

"Ni kazi ya siku mbili, si unabonyeza tu?"

Maneno hayo niliambiwa Mlandizi na mzee mmoja mwenye duka la dawa muhimu. Alinipokea kwa heshima, akaninunulia soda, akafungua daftari la kaunta. "Mdogo wangu, nataka kompyuta initunzie daftari hili tu. Laki moja na nusu inatosha."

Hakuwa na nia mbaya. Yeye aliona daftari, mimi niliona yaliyomo ndani yake. Dawa huingia dukani kwa boksi, hupangwa rafuni kwa pakiti, huuzwa kwa vidonge. Mteja wa asubuhi anachukua boksi zima, wa jioni anataka vidonge sita vya maumivu kwa sababu ndiyo pesa aliyo nayo. Programu lazima ijue kwamba boksi lina pakiti kumi, pakiti ina vidonge kumi, na kwamba vikitoka sita, vinne vilivyobaki bado ni mali. Dawa ileile imeletwa mara mbili, kwa bei mbili na tarehe mbili za kuisha muda. Inayokaribia kuisha itoke kwanza, na faida yake ihesabiwe kwa bei iliyonunuliwa, isichanganywe na ya mzigo mpya. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, vile vidonge vimetoka kwenye hesabu au havijatoka? Ukikosea hapo, mwisho wa mwezi kompyuta itasema hivi na rafu itasema vingine, na atakayeshukiwa wizi ni binti wa kaunta.

Kazi ile ilinichukua siku 18, wastani wa saa 6 kwa siku. Jumla saa 108. Gawa shilingi 150,000 kwa saa hizo, unapata shilingi 1,389 kwa saa. Niliandika pia matumizi yangu: bando 30,000, nauli za kwenda na kurudi Mlandizi 12,000, umeme 10,000. Kilichobaki mkononi ni shilingi 98,000, yaani takriban shilingi 907 kwa saa.

Sasa linganisha. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kupanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia Januari 2026, ingawa kila sekta ina kiwango chake. Wiki ya kazi kisheria haizidi saa 45, ambazo kwa mwezi ni kama saa 195. Hivyo kima hicho ni karibu shilingi 1,838 kwa saa. Mimi, kwa kazi inayohitaji miaka ya kusomea, nilibaki na chini ya nusu yake. Tena mwajiriwa ana likizo ya siku 28 kwa mwaka na mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii. Anayejitegemea akiugua malaria wiki nzima, wiki hiyo haina senti.

Niliikubali laki moja na nusu ile kwa sababu sikuwa nimepima. Nilijibu bei kabla ya kuhesabu kazi, kama baba alivyouza gunia kabla ya kulipima.

"Wewe uko Kibaha, maisha ni nafuu. Bei za Dar za nini?"

Kuna Masaki mbili. Moja iko Dar es Salaam kando ya bahari, yenye balozi na majumba. Nyingine iko Kisarawe, nchi ya mikorosho. Kijana wa Masaki ya Kisarawe akinunua bando, bei ni ileile ya mwenzake wa Masaki ya mjini. Uniti za umeme TANESCO haizipangii bei kwa kuangalia wilaya. Kompyuta tunaifuata Kariakoo, na sisi wa Kibaha na Kisarawe tunaongeza nauli juu yake. Ni kweli chumba cha kupanga huku ni nafuu, na mboga pia. Lakini chumba na mboga haviandiki programu. Vitendea kazi vyetu vina bei moja nchi nzima.

Hoja hii ina kasoro kubwa zaidi: hakuna anayeitumia kwa bidhaa nyingine. Mwenye duka la Mlandizi hapunguzi bei ya dawa kwa sababu kodi yake ya nyumba ni ndogo kuliko ya mtu wa Mikocheni. Anauza kwa thamani ya dawa. Programu ikiokoa dawa zisioze rafuni, inaziokoa sawasawa, iwe iliandikwa Picha ya Ndege au Posta.

Tujihadhari nayo kwa sababu nyingine pia. Sisi wote tunaambiwa maneno hayohayo na dunia. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu ili kuifundisha programu ya kampuni ya OpenAI iwe na adabu. Hiyo haikuwa kazi ya kuandika programu, ila ilikuwa kazi ya kompyuta inayofanywa kwa ajili ya mtu wa mbali, kama zetu nyingi. Mkataba kati ya OpenAI na Sama, kampuni iliyowaajiri, ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Wafanyakazi walipata kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijitetea kwamba kiasi hicho cha mkataba kilibeba gharama zote, pamoja na majengo na wasimamizi. Hata ukiupokea utetezi huo, pengo lipo. "Kwao maisha ni nafuu" ndiyo sentensi iliyolificha pengo hilo machoni pa watu. Tukiitumia wenyewe kwa wenyewe, Dar dhidi ya Kibaha na Kibaha dhidi ya Kisarawe, tutakosa pa kusimama siku tutakapoambiwa na mgeni.

"Wapo wanaofanya kwa nusu ya bei. Soko ndilo linaloamua."

Wapo, sikatai. Kwenye soko la kazi za mtandaoni hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya oDesk, ambayo baadaye ilijiita Upwork, ililazimika kuweka kiwango cha chini cha dola 3 kwa saa kwenye mtandao wake. Soko lililoachwa lenyewe lilikuwa limeshuka chini ya hapo mpaka mwenye soko akaona aweke sakafu. Na juu ya kiasi hicho mwenye soko hukata chake: Fiverr huchukua asilimia 20 ya malipo ya muuzaji.

Lakini tuangalie kama bei ya chini kweli humpa mtu soko la kudumu. Kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014, ikafungua Nairobi na Kampala, ikafundisha vijana na kuwaunganisha na kampuni za Marekani. Ilisifiwa dunia nzima. Septemba 2019 ilitangaza kuwapunguza vijana wanaoanza, na walioguswa Nigeria, Uganda na Kenya walifikia zaidi ya 400. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walihitaji watu wenye uzoefu mkubwa, na vijana wanaoanza walikuwa wengi kuliko nafasi. Wateja hao walikuwa na nafasi ya kuchukua mtu wa bei ndogo, wakamtaka anayemaliza kazi.

Sisi wa huku tuna methali ya jambo hilo: rahisi huvunja upishi. Anayechukua kazi kwa nusu ya bei lazima afidie mahali. Atakupa mfumo aliomwandikia mtu mwingine, akibadilisha jina la duka juu. Au ataacha kufanya majaribio. Au atapata kazi nyingine katikati ya yako na simu yake itaanza kuita bila kupokelewa. Nimeitwa mara kadhaa kufufua mifumo ya namna hiyo, na mara nyingi nimelazimika kuanza upya. Mteja amelipa nusu, kisha amelipa nzima. Nani aliyemwokolea pesa?

Na soko halijawahi kuamua peke yake. Mawakili wa Tanzania wana viwango vya ada vilivyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali mwaka 2015, na hakuna anayesema viwango hivyo vimeua biashara ya uwakili. Jamii imekwisha kukubali kwamba kazi ya ujuzi inaweza kuwa na kipimo. Ya kwetu haijapewa chake bado.

"Fanya hii kwanza upate uzoefu na jina."

Mji wa Kibaha unajua maana ya kujifunza. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordic zilitiliana saini mradi uliojenga hapa shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania, nao ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Pale kulikuwa na walimu, vitabu, muda uliopangwa na mtu aliyegharimia. Huko ndiko kujifunza.

Basi nina swali moja kwa anayenipa kazi ya bure iitwayo uzoefu: hapa nani ananifundisha? Kama hakuna mwalimu, na mwisho wa kazi biashara yako inatumia nilichotengeneza kuingiza pesa, hayo ni mauzo na mimi ndiye muuzaji. Uzoefu nitaupata, sawa, kama fundi mwashi anavyoupata kwenye kila nyumba anayoijenga. Hakuna anayemwambia fundi mwashi ajenge msingi bure ili alipwe kwenye linta.

Kuhusu jina, nimejifunza kwa uchungu. Kazi ya elfu hamsini haikuletei kazi ya laki tano. Mteja uliyemfanyia kwa elfu hamsini atakusifu kwa jirani yake hivi: "Kijana mzuri sana, mimi alinifanyia kwa elfu hamsini." Sifa imetangulia na bei. Jirani akija, anakuja na elfu hamsini mkononi.

Kijana anayetaka kitu cha kuonyesha, na atengeneze cha kwake. Aandike programu ya kutunza hesabu za kikoba cha mama yake, au ya zamu za bodaboda wa kijiwe cha mtaani. Hiyo itakuwa mali yake, ataionyesha kwa yeyote, na hakuna mtu atakayekuwa ametajirika kwa jasho lake.

"Sisi ni ndugu, usinitoze kama mgeni."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma nyumbani kwao ndiye anayetuzwa pesa, kwa sababu watu wake wanamjua na wanajivunia. Undugu kwa mila yetu ulikuwa sababu ya kumwongezea mtu. Tumeugeuza lini kuwa sababu ya kumpunguzia?

Ukitaka kumpa ndugu punguzo, mpe, ni jambo jema. Ila liandike kwenye ankara: bei ya kazi shilingi 600,000, punguzo la undugu 100,000, unalipa 500,000. Ataujua ukubwa wa zawadi, na siku akimwelekeza mtu mwingine kwako atataja laki sita.

"Biashara yangu ni ndogo, sina uwezo huo."

Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mama mwenye duka la rejareja Kongowe hawezi kulipa kama benki, na hatuwezi kumdharau wala kumwacha na daftari lake lililochanika.

Jibu lake ni kupunguza kazi hadi ifike kwenye pesa iliyopo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Maili Moja aliniambia wazi kwamba ana laki mbili. Alitaka mfumo wa mauzo, mzigo uliobaki, madeni ya wateja, mishahara ya vibarua na ripoti kwenye simu. Tulikaa kwenye mifuko ya saruji tukachora mstari chini ya mambo mawili ya kwanza. Mauzo na mzigo uliobaki: hayo ndiyo ya laki mbili, siku tano. Mengine tuliyaandika chini ya mstari, kila moja na bei yake. Miezi miwili baadaye alirudi mwenyewe kwa ajili ya madeni ya wateja, akiwa na pesa mkononi, kwa sababu alikuwa ameshaona mifuko mingapi ya saruji ilikuwa ikipotea bila kuandikwa.

Huu mstari ndio dawa ya lumbesa ya kazi yetu. Kilemba chetu hushonwa kwa maneno laini: "Ukimaliza hapo, niongezee kidogo tu sehemu ya risiti." "Hiyo ripoti iende na WhatsApp, si kitu kikubwa." Kila moja ni kidogo, na zote pamoja ni nusu gunia. Mteja wa namna hiyo si mwizi. Haoni mdomo wa gunia ulipo kwa sababu hatukumwonyesha. Mstari ukichorwa siku ya kwanza, nyongeza inapata bei bila ugomvi.

"Nikimlipa mapema atatoweka."

Hapa lazima niseme juu ya wenzangu. Wapo waliochukua malipo ya awali wakabadilisha namba ya simu. Wapo waliosajili jina la tovuti la mteja kwa majina yao wenyewe, kisha wakaligeuza kuwa mateka kila mwaka wa kulipia unapofika. Wamewaumiza wafanyabiashara, na wametuharibia sisi wengine. Hofu ya mteja ina msingi.

Hata hivyo hofu hiyo haitibiwi kwa kulipa kidogo. Mtu aliyelipwa kidogo ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kutoweka. Inatibiwa kwa malipo ya awamu. Sehemu ya kwanza ilipwe kazi inapoanza, ya pili mteja anapoona kitu kinafanya kazi kwa macho yake, ya mwisho siku ya makabidhiano. Jina la tovuti lenye .tz lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara tangu siku ya kwanza. Nywila zote ziandikwe kwenye karatasi na akabidhiwe. Fundi akitoweka hapo katikati, mteja amepoteza awamu moja tu. Na mteja akigoma kulipa, fundi naye amepoteza awamu moja.

"Siku hizi akili unde inafanya hayo yote bure."

Ninaitumia kila siku, na sitadanganya: sehemu ya kazi iliyokuwa ikinila asubuhi nzima sasa huchukua dakika chache. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kazi ya kuandika mistari ya programu imekuwa nyepesi kweli.

Tatizo ni kwamba kuandika mistari hakujawahi kuwa kazi yote. Akili unde haikukaa kwenye kaunta ya Mlandizi ikaona vidonge sita vikihesabiwa kwenye bahasha. Haijui kwamba binti wa kaunta hutumia simu ya tochi umeme ukikatika na kuandika mauzo kwenye kipande cha boksi, na kwamba vipande hivyo vinahitaji mahali pa kuingizwa baadaye kwa saa yake halisi. Lazima mtu aende, akae, aulize, kisha apime kama majibu ya mashine ni sahihi. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwapima waandishi 16 wa programu wenye uzoefu, kwenye kazi 246 za miradi wanayoijua vizuri. Wakitumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini imewaharakisha. Hayo yalikuwa mazingira yao na zana za wakati ule, na zana zinabadilika. Funzo langu ni dogo: muda wa kukagua nao ni kazi.

Halafu kuna dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zahanati ikiweka majina ya wagonjwa na maradhi yao kwenye mfumo, na mfumo huo ukavuja, hakuna atakayeiita mashine ijibu. Ataitwa mwenye zahanati, naye atamtafuta aliyemtengenezea. Anayebeba dhamana hiyo anastahili malipo yake.

"Alikubali mwenyewe, hakulazimishwa."

Kisheria, watu wazima wakikubaliana kwa hiari, makubaliano yanawafunga. Ukikubali laki moja na nusu, huwezi kumaliza kazi ndipo udai milioni. Hilo ni haki, na ndiyo sababu ya kupima kabla ya kujibu.

Lakini wengi wanaoitwa watu wa kujitegemea hawajitegemei. Namjua kijana aliyekuwa akitoka Kisarawe alfajiri kila siku kwenda ofisi moja mjini, akiingia saa mbili kamili, akitumia kompyuta ya ofisi, akiomba ruhusa kwenda msibani. Kwenye karatasi aliandikwa "mkandarasi binafsi", alipwe mradi kwa mradi, bila likizo wala hifadhi ya jamii. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inataja dalili za kumtambua mwajiriwa. Namna yako ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi hiyo, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, unamtegemea yeye kwa kipato, unapewa vifaa, unamfanyia yeye peke yake. Ikipatikana hata moja, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, haidhuru mkataba umeandikwa jina gani. Mgogoro wa madai ya mwajiriwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukiwa wa kuachishwa kazi, ndani ya siku 30. Siku hizo hupita upesi kwa asiyezijua.

Na aliye huru kweli, mwenye wateja wake, naye hayuko porini. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia, na deni la mkataba linaweza kudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Shida ya mdomo ni ushahidi. Ujumbe wa simu uliotaja kazi, bei na tarehe una nguvu kuliko soda na kupeana mikono.

Mizani tunayo

Nimezipima hoja tisa. Nyingine zina chembe ya ukweli, na hakuna hata moja inayofika kilo zinazodaiwa. Zote zinaishi kwa sababu moja: kazi yetu huuzwa bila kupimwa.

Kwa hiyo namwambia mwenye biashara wa Kibaha na Kisarawe: usiulize tu "bei gani?" Uliza "kuna kazi gani ndani yake?" Mwambie fundi akuandikie, msome pamoja, mkate kisichohitajika. Kilichobaki kilipe kwa ukamilifu na kwa wakati. Ukiwa kampuni na ukakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, mpe cheti chake, maana hiyo ni pesa yake aliyokwisha kuilipa serikalini.

Na kwako mwenzangu unayeandika programu usiku chini ya feni inayozima na kuwaka: mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la shilingi elfu moja. Kwenye kila kazi andika saa ulizotumia, bando, nauli na umeme. Baada ya kazi tatu utajua saa yako inagharimu kiasi gani, na hutataja tena bei kwa kuogopa uso wa mteja. Chora mstari chini ya kazi mliyokubaliana kabla hujafungua kompyuta. Kazi isiyofika gharama yako, ikatae kwa adabu.

Baba yangu aliuza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja kwa sababu hakuwa na mizani shambani. Wewe unayo. Ipime kazi yako leo, kabla simu ijayo haijaita.